Siku nane Somerset bila gari

Swali: Mwanangu anasoma Bristol, na viza nimeshapata. Katikati ya mwezi wa tano nakwenda kumwona, lakini yeye atakuwa kwenye mitihani, hivyo nina siku nane za kuzunguka peke yangu. Nimeambiwa kaunti ya Somerset iko jirani, ina miji ya kale, bahari na mashamba. Siendeshi gari, nina miaka 61, na ngazi zinanitesa magoti. Nimekulia Mwanza, kwa hiyo nikiweza ningependa kuliona kaburi la Speke, yule mpelelezi Mwingereza aliyelipa Ziwa Victoria jina hilo, maana nasikia liko huko. Nianzie wapi? — Mama wa Nyegezi

Shikamoo mama.

Siku nane zinatosha, na gari hulihitaji. Kinachoharibu safari ya Somerset ni tamaa ya kuimaliza yote. Ukiiangalia kwenye ramani ni kaunti ndogo, na kwa mtu aliyezoea basi la Mwanza hadi Dar, kutoka Bath mashariki mpaka milima ya Exmoor magharibi ni mwendo wa kucheka. Basi mgeni anajipangia mji huu asubuhi, ule mchana, pwani jioni. Akifika anakuta barabara nyembamba ambazo magari mawili hupishana kwa kusubiriana, mabasi yanayopita moja kwa saa au pungufu, na reli zilizofika karibu kila mji zamani lakini nyingi zikafungwa miaka ya 1960. Siku inaishia kituoni.

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za upande huu wa Uingereza, na kwa asiye na gari huwa natoa makao mawili tu: Wells, halafu Minehead. Lala Wells usiku nne, Minehead usiku tatu. Bath uimalize mapema, ungali kwa mwanao.

Kutoka Bristol Temple Meads hadi Bath Spa kwa treni ni kama robo saa. Nenda siku ya kazi, si Jumamosi. Mabafu ya Kirumi ndiyo kila mtu anayafuata, na yanastahili: maji yanatoka ardhini yakiwa na nyuzi 46, zaidi ya lita milioni moja kwa siku, na yamekuwa yakitoka hivyo tangu kabla Warumi hawajafika. Kuoga humo hairuhusiwi. Wanaotaka kuingia maji yenyewe huenda Thermae Bath Spa, jengo la karibuni lililofunguliwa mwaka 2006, lenye bwawa la maji moto juu ya paa. Kwa magoti yako, mama, mimi ningelipa hapo kabla ya kulipa kwingine. Tikiti za sehemu zote mbili zinunuliwe mapema mtandaoni. Royal Crescent, zile nyumba 30 zilizoungana kwa umbo la hilali, iko juu ya mwinuko. Zinavutia, lakini picha zake umeshaziona.

Badala yake uliza habari za Fairfield House, nje kidogo ya katikati ya mji. Huko ndiko Mfalme Haile Selassie alikoishi uhamishoni kuanzia 1936 hadi 1940, Italia ilipoivamia Ethiopia. Mwaka 1958 aliitoa nyumba hiyo kwa mji wa Bath itumike kwa wazee. Haifunguliwi kila siku kama makumbusho, hivyo mwanao aangalie siku za wageni kabla hujatoka.

Sasa Wells. Treni haifiki; panda basi namba 376 kutoka Bristol, mwendo wa saa moja na kitu. Tangu Januari 2025 mabasi mengi ya Uingereza yana kikomo cha pauni 3 kwa safari moja, hata iwe ndefu namna gani. Mwulize dereva kama bado kinafuatwa siku hiyo. Wells inahesabiwa kuwa jiji kwa sababu ya kanisa kuu lake, ingawa ina watu kiasi cha elfu kumi na mbili tu. Ukitaka kuikuta imechangamka, fika Jumatano au Jumamosi, siku za soko, wapangapo meza za jibini, mboga na maua kwenye uwanja wa katikati.

Kanisa lenyewe lilianza kujengwa kama mwaka 1175. Kabla hujaingia simama nje uutazame ukuta wa magharibi: sanamu zipatazo 300 za enzi hizo bado zimo kwenye vidaka vyake, nyingine zimeliwa na mvua hadi hazina nyuso. Ndani, mbele yako, utaona matao mawili ya mawe yaliyopandana, la juu limegeuzwa miguu juu, kama mkasi uliofunguliwa. Mgeni hudhani ni sanaa ya mtu wa juzi. Ni ya karne ya 14. Walikuwa wameongeza urefu wa mnara, ardhi chini yake ikaanza kutitia, mnara ukaanza kupasuka. Kati ya 1338 na 1348 fundi akaweka matao hayo kuubana usianguke. Haujaanguka hadi leo.

Kisha pinda kushoto, uende kwenye saa. Ilitengenezwa karibu mwaka 1390 na inahesabiwa miongoni mwa saa kongwe kabisa duniani ambazo bado zinafanya kazi. Fika dakika tano kabla ya robo saa yoyote, ukae. Ikigonga, wapanda farasi wadogo wa mbao wanatoka juu ya uso wa saa, wawili wanazunguka huku na wawili kule, na kila wanapokutana mmoja anapigwa mkuki na kulala chali juu ya farasi wake. Daima ni yule yule. Amekuwa akiangushwa kila robo saa kwa miaka mamia, naye anarudi tena amesimama wima kana kwamba hajasikia kitu. Juu pembeni kuna mtu wa mbao, wenyeji wanamwita Jack Blandifers, anayepiga kengele kwa visigino. Watoto wa shule hukaa sakafuni wakimsubiri. Wewe kuna benchi.

Jioni rudi kwa ibada ya kwaya, haina kiingilio, na si lazima uwe muumini wa dhehebu lao. Nyuma ya kanisa kuna Vicars' Close, mtaa mfupi wa nyumba zilizojengwa karne ya 14 kwa ajili ya waimbaji wa kanisa, ambapo watu bado wanaishi. Upande wa pili kuna kasri la askofu lenye handaki la maji, na bata maji weupe waliofunzwa kuvuta kamba ya kengele wakitaka chakula. Hayo yote yako tambarare, hatua chache baina yake, na ndiyo maana nakulaza hapa.

Kutoka Wells chukua siku moja ya Glastonbury, basi lile lile la 376 linapita. Watu wakisikia jina hilo hufikiria tamasha la muziki. Tamasha linafanyika mwishoni mwa mwezi wa sita kwenye shamba la Pilton, kilomita kama kumi kutoka mjini, na miaka mingine halifanyiki kabisa. Mwezi wa tano halikugusi, ila ukiona bei za vyumba zinapaa wiki za baadaye, ndiyo sababu. Mji wenyewe umejaa maduka ya ubani, mawe ya kutibu na watu wa kila imani iliyopata kubuniwa. Kilima cha Tor, mita 158, kina njia ya saruji, lakini ni ya kupanda na upepo wa juu unasukuma. Kwa magoti yako nasema kiache, ukitazame toka magofu ya abasia, ambako ni nyasi tupu na bustani. Huko mwaka 1191 watawa walitangaza kwamba wamelipata kaburi la Mfalme Arthur, muda si mrefu baada ya kanisa lao kuungua na hela za kujenga kuhitajika. Mnamo 1539 Mfalme Henry wa Nane aliifunga abasia, na mkuu wake wa mwisho, Richard Whiting, mzee wa makamo ya juu kuliko wewe, alipandishwa Tor akanyongwa kule juu.

Ikiwa unapenda mashamba, mchana huo chukua teksi kutoka Glastonbury hadi Ham Wall, kilomita chache. Hapa ndipo utaielewa ardhi ya Somerset. Sehemu kubwa ya katikati ni bonde bapa, lililo chini ya kimo cha bahari inapojaa, na linabaki kavu kwa sababu ya mifereji iliyochimbwa na kutunzwa vizazi na vizazi. Majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014 mifereji ilizidiwa, na kijiji cha Muchelney kikawa kisiwa, watu wakivushwa kwa boti kwa wiki kadhaa. Njia ya Ham Wall inafuata tuta la reli iliyoondolewa, haina mwinuko hata kidogo, na pande zote mbili ni matete na maji.

Utafurahi na ndege. Yangeyange wakubwa weupe, wale wale wa kingo za ziwa lenu, walikuwa wageni adimu Uingereza; mwaka 2012 walitaga na kulea makinda kwa mara ya kwanza nchini humo, na ilikuwa hapa jirani, Shapwick Heath. Leo wanaonekana tu kama kitu cha kawaida. Kwenye kinamasi hicho hicho mwaka 1970 mchimba mboji aliibua ubao, na wataalamu walipofukua wakakuta njia nzima ya mbao ya kupita juu ya tope, ambayo miti yake ilikatwa mwaka 3807 na 3806 KK. Tarehe imepatikana kwa kuhesabu pete za miti.

Cheddar nayo iko karibu na Wells kwa basi. Korongo la mawe ni zuri, mji chini yake umezidiwa na maduka ya zawadi. Kinachonipeleka mimi huko ni mifupa iliyopatikana pangoni mwaka 1903, ya mwanaume aliyeishi miaka kama elfu kumi iliyopita. Mwaka 2018 wanasayansi waliosoma vinasaba vyake walieleza kwamba huenda ngozi yake ilikuwa nyeusi au ya kahawia iliyokolea, na macho ya buluu. Mifupa halisi iko London. Kama muda ni mdogo, Cheddar iruke.

Siku ya kuhama, panda basi la Wells kupitia Glastonbury hadi Taunton, makao makuu ya kaunti. Hapo ndipo penye suala la Speke.

Kaburi lake liko ndani ya kanisa la Mtakatifu Andrew, kijiji cha Dowlish Wake, karibu na Ilminster, kusini mashariki ya Taunton. Ni kilomita ishirini na kitu, na kwa basi peke yake utateseka. Kodi teksi Taunton, mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri nusu saa na kurudi. Piga simu parokiani siku chache kabla kuuliza kama mlango utakuwa wazi.

Historia unaijua kutoka upande wenu, mama, ila upande huu una kipande chake. Speke aliliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858 akiwa huko Mwanza, akalipa jina la malkia wake, na akasema ndilo chimbuko la Nile. Richard Burton, aliyekuwa mkuu wa msafara na alibaki Kazeh (Tabora ya leo) akiumwa, hakukubali. Walipangiwa kujadiliana mbele ya wataalamu mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikuwa akiwinda huko Neston, Wiltshire, bunduki yake ikamfyatukia wakati anaruka ukuta mfupi wa mawe. Baraza lililochunguza lilisema ni ajali. Wengine hawakuacha kunong'ona. Akaletwa kuzikwa kwa ndugu zake Dowlish Wake, na Livingstone akiwa miongoni mwa waliohudhuria.

Nenda ukiwa na jina jingine kichwani: Sidi Mubarak Bombay. Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akafikishwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru; ndiye aliyekuwa na Speke siku ile Mwanza, akimtafsiria kwa Kihindustani kwa kuwa Speke Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Bombay alipewa nishani ya fedha na chama cha wanajiografia cha London. Yeye hana kijiji cha kumwendea. Na wenyeji wa Usukuma na Ukerewe walikuwa wamevua samaki humo kabla ya wote hao, hilo halihitaji mimi kukuambia. Kwa maoni yangu kaburi linastahili nusu siku kwa mtu wa Mwanza, na kwa mgeni mwingine yeyote ningesema apite.

Kutoka Taunton basi namba 28 linakwenda Minehead. Kama treni ya mvuke inafanya kazi siku hiyo, shuka Bishops Lydeard, umalizie kwa treni: ni njia ya zamani ya kilomita 32 inayoendeshwa na wapenda reli, ikipita kati ya vilima na ghafla kutokea ufukweni Watchet. Si kila siku ya mwezi wa tano inakwenda, kwa hiyo kalenda yao iangaliwe kwanza.

Na hapo tunafika baharini, sehemu ninayoomba uisome mara mbili. Wewe ni mtu wa ziwa, na ziwa halipwi. Hata jamaa zetu wa Unguja, ambao bamvua yao, kujaa na kupwa kukubwa kuliko kote, ni mita nne hivi, hushangaa wakiiona Bristol Channel, mlango wa bahari wa pwani hii. Mdomo wake ni mpana kuelekea Atlantiki, kisha unazidi kubanwa na kina kupungua kadiri unavyoingia ndani, basi maji yanayosukumwa humo hayana pa kwenda ila juu. Weston-super-Mare, siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inazidi mita 11. Yakipwa yanakimbia zaidi ya kilomita moja, na kinachobaki baada ya mchanga wa karibu ni tope laini linalomeza mguu hadi gotini. Kila mwaka watu wanakwama wakiyafuata maji, na maji yanarudi upesi. Pale mchanga unapogeuka kuwa tope, geuka na wewe. Ukimwona mtu amekwama, piga 999, uombe walinzi wa pwani, usimfuate.

Hii pia inakuamulia siku ya kwenda. Kwenye mlango huu wa bahari, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa asubuhi na jioni, na mchana kutwa, saa ambazo mgeni yuko ufukweni, yamepwa kabisa. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, hujaa mchana, na ingawa hayapandi sana utakuta bahari iko mahali pake. Mwanao aangalie ratiba ya maji ya Minehead mtandaoni, mzipange siku za pwani kwa hiyo. Wanaorudi nyumbani wakisema pwani ya Somerset ni tope tupu, wengi wao walikwenda saa saba mchana wakati wa mwezi mpevu.

Porlock Weir ndiko ningekupeleka kwanza. Kuna basi dogo kutoka Minehead, la mara chache, na Jumapili usilitegemee. Ni kibandari cha nyumba chache chini ya mlima wenye msitu. Maji yakipwa mashua zinalala ubavu kwenye changarawe, yakijaa zinaelea tena, na unaweza kuliangalia hilo lote kutoka dirisha la mkahawa ukinywa chai na skonzi zenye jemu na malai mazito. Siku nyingine Dunster: ngome juu ya kilima, na barabarani banda la soko la vitambaa la mwaka 1609 lenye paa pana la vigae, ambalo mvua ikinyesha bado linawafaa watu. Ngome ina mpando mkali. Walinzi waulize kuhusu gari la kupandisha wasioweza kutembea.

Exmoor yenyewe, nyuma ya Minehead, inahitaji gari, ila wapo wenyeji wanaochukua wageni kwa gari la magurudumu manne kwa nusu siku. Mtu wa jirani na Serengeti asitarajie makundi. Utaona farasi wadogo wa kahawia wenye pua nyeupe, pengine kulungu wekundu kwa mbali, na hali ya hewa ikiruhusu, kutoka karibu na Dunkery Beacon, mita 519, utaona pwani ya Wales ng'ambo.

Mambo madogo. Mwezi wa tano jua linazama karibu saa tatu usiku, lakini jikoni za vijijini nyingi hufunga chakula cha mchana saa nane, kisha hakuna kitu hadi saa kumi na mbili jioni. Kinywaji kilichoandikwa cider ni pombe ya tufaha, na ya wakulima wa huku ni kali, si sharubati. Njia za miguu zenye mshale wa manjano zinakatiza mashamba ya watu kihalali, pita bila woga, lango uliache kama ulivyolikuta, na ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali. Kabla hujaingia njia yoyote uliza kama ina vipandio vya kuvuka ua, maana hivyo magoti yako hayatavipenda. Nyingine zina milango. Koti la mvua, viatu vyenye kushika, na sweta hata kukiwa na jua.

Chumba cha Wells kiwekwe sasa hivi. Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tano ni sikukuu, na shule hufungwa wiki hiyo, kwa hiyo ikiwezekana uwe umeshaondoka Minehead kabla yake.